Siku Vifaranga Elfu Moja Walipoingia Kanisani

Mkicheka nitacheka nanyi, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nikachoka, lakini naomba mnisikize mpaka mwisho, kwa sababu hii habari mmeisikia vipande vipande sokoni, mwingine aliambiwa eti nilikamatwa na polisi (sikukamatwa), mwingine eti nilizimia kanisani (ningependa sana kuzimia siku hiyo, lakini mwili ulikataa), na ukweli wote ninao mimi, Nyar Karungu, binti wa ziwani niliyeolewa huku Awendo kwenye miwa, ambaye kwa miaka sita nilikuwa karani wa kanisa letu la Wasabato, yaani mtu wa kuandika majina ya watu kwenye daftari na kusoma matangazo mbele. Hiyo kazi ya majina muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyoniaibisha.

Wacha nianze na kuku. Huku kwetu, kati ya Awendo na Ndhiwa, mwanamke akitaka kujiinua kidogo anafikiria kuku, kwa sababu miwa ni mambo ya wanaume na inakaa shambani mpaka unasahau uliipanda lini, na samaki wa kwetu Karungu wanataka uwe karibu na maji, lakini kuku hata nyuma ya jikoni anakaa. Shida ilikuwa vifaranga. Wale wazuri, wa kienyeji walioboreshwa, wanaototoleshwa kwa mashine huko mbali, walikuwa wanatufikia kwa basi ndani ya katoni, wamekaliwa na mizigo ya watu, na mwenye duka mjini anakuuzia ishirini, watano wakiwa wamelala na hawataamka, ukilalamika anakwambia, "Mama, chukua ama uache, kuna mwingine nyuma yako." Na kweli nikigeuka namwona mwingine nyuma yangu, na ni jirani yangu, naye amekuja peke yake kutafuta ishirini wake.

Ndipo nikaona kwenye simu soko moja la mtandaoni ambalo lina kitu wanakiita kikapu. Ujanja wake ni huu: wewe na vifaranga wako ishirini hakuna mwenye mashine anayekujua, hawezi kuwasha lori kwa ajili yako, lakini mkiwa wengi, kila mtu akaandikwa jina lake na idadi anayotaka ndani ya kikapu kimoja, kikapu kikifika elfu moja kabla ya siku kumi kuisha, basi wauzaji wenyewe wanaanza kukitafuta, wanashindana nani akichukue, na atakayekichukua anawaletea mpaka mlangoni, mnalipa mkipokea. Mwenye duka alikuwa na watu wengi nyuma yangu, sasa sisi tungekuwa ndio hao watu wengi, tumesimama pamoja. Nilipoelewa hiyo kitu sikulala vizuri kwa furaha.

Nikafungua kikapu. Anayekifungua anaitwa kiongozi wa kikapu, na ndiye anayeandika majina na kuwajibika kwamba hao watu wapo na wanataka kweli (hapo mtulie kidogo, mtaona). Nikapiga simu, nikatuma meseji, nikasimama nje ya kanisa, nikaenda mpaka Ndhiwa kwa shemeji zangu, na wa kwanza kabisa kuandikwa alikuwa Min Ouko, yaani mama yake Ouko, mjane, jirani yangu wa karibu, ambaye hata hakusubiri kikapu kijae, aliuza kondoo wake wawili, akanunua mabati na waya, akajenga banda la kuku ambalo kusema kweli lilikuwa zuri kuliko jikoni kwangu. Jioni moja akaniita nilione, akafunga mlango wake, akaufungua tena, akanitazama.

"Nyar Karungu," akasema, "mimi nimeshauza kondoo. Usiniache na nyumba ya kuku bila kuku."

"Watakuja," nikamwambia.

Siku ya tisa kikapu kilikuwa na mia sita na hamsini, na hapo nilikuwa nimeshabembeleza kila mtu ninayemjua, mpaka wengine wakiniona njiani wanajifanya wanafunga viatu. Nikamwandikia muuzaji mmoja aliyekuwa amekitazama, nikamwuliza kama hawezi kutuonea huruma, akajibu kwa heshima sana kwamba mama, chini ya elfu moja gari halijilipi, lakini mkifika elfu moja tunakuja, na mkilipa vizuri mara ya kwanza upande huo wa kwenu tutakuwa tunaupitia kila mwezi. Kila mwezi. Nilisoma hayo maneno nikiwa jikoni, mboga motoni, na kando ya meza lilikuwa daftari la zamani la akina mama wa kanisa, ambalo nilikuwa nimelibeba nyumbani ili nilinakili upya.

Sasa ndugu zangu, huo ndio uamuzi mdogo. Nilijiambia hivi: vifaranga wakishafika hapa, watu wakawaona kwa macho, wakawasikia wakilia, nani atakataa? Watu wa kwetu hawaamini kitu kilichoko kwenye simu, wanaamini kilichoko mkononi. Lori litafika Ijumaa mchana, waliobaki nitawabeba sokoni Awendo, jua halijatua wameisha, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo nikafungua daftari, nikaanza katikati ya ukurasa nikishuka chini, jina baada ya jina, hamsini, hamsini, hamsini, majina saba, nikanakili bila hata kuyasoma vile mtu mzoefu ananakili, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye mwiko. Kikapu kikafika elfu moja na simu ikaniletea picha ya tarumbeta.

"Unaandika nini mboga inaungua?" Baba Lavender, mume wangu, akauliza kutoka nje.

"Mambo ya kanisa," nikamjibu. (Na si uongo wote, majina yalikuwa ya kanisa.)

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Soko lilitaka nionyeshe kwenye ramani mahali lori litakapokuja, na kwangu hakuko kwenye ramani, ni kijia tu katikati ya miwa, lakini kanisa letu liko, kuna mtu aliliweka. Nikabonyeza kanisa. Uwanja ni mpana, lori linageuka vizuri, na Ijumaa mchana hapo hakuna mtu. Niliona nimefikiria kila kitu.

Ijumaa ikafika, nikakaa pale uwanjani na Min Ouko na wenzetu wachache tangu saa sita. Saa nane, hakuna lori. Saa kumi, hakuna. Saa kumi na moja dereva akapiga simu, jina lake Mwangi, sauti ya mtu aliyechoka, akasema kuna trela la miwa limepinduka upande wa Rongo, miwa imejaa barabarani, magari hayaendi mbele wala nyuma, na watu wamekuja na visu wanakula. Atafika labda saa moja na nusu, labda saa mbili usiku.

Saa hizo jua litakuwa limetua. Na jua la Ijumaa likishatua, kwa sisi Wasabato, ni Sabato tayari, hununui, huuzi, hata simu wengi tunaizima, na mimi karani wa kanisa ndiye ninayepaswa kuwa mfano. Nikamwambia, "Mwangi, jua likitua mimi sinunui, siuzi, sipokei. Tafuta mahali ulale, tutaonana kesho jioni jua likishatua." Akasema, "Lakini mama, hawa ni vifaranga." Nikamwambia Mungu atawalinda, nikazima simu, na wacha niwaambie ukweli, nilijisikia mtakatifu. Mtu aliyeandika majina saba ya uongo jikoni alikataa kupokea vifaranga kwa ajili ya kushika amri. Min Ouko alienda nyumbani akaangalia banda lake.

Sabato asubuhi nikavaa nguo yangu nyeupe na kofia. Kanisa lilijaa, mpaka wageni kutoka Ndhiwa walikuwepo. Mchungaji wetu ana makanisa mengi, siku hiyo hakuwa kwetu, kwa hiyo aliyeongoza alikuwa mzee wa kanisa, Jaduong' Owiti (jaduong' kwa Kiluo ni mzee wa kuheshimiwa), ambaye zamani alifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti uzito wa kila trela ili madereva walioko nje wasikie, na hiyo sauti haikustaafu naye. Mimi nikasimama mbele kusoma matangazo. Nilikuwa nimefika kwenye tangazo la usafi, nalikumbuka hata leo, "akina mama waje na mafagio", ndipo nikasikia lori linaingia uwanjani kinyumenyume, likilia ile ti, ti, ti ya kurudi nyuma, na lilipozimwa ikabaki sauti nyingine.

Mnajua kifaranga mmoja akilia ni kitu kidogo tu. Sasa elfu moja, wenye njaa na joto, nje ya dirisha la kanisa, wakati watu wote wamenyamaza wanasikiliza habari ya mafagio. Watoto wakaanza kucheka, halafu mama zao wakawanyamazisha huku wao wenyewe wakichungulia. Mimi nikaendelea kusoma. Nilisoma lile tangazo la mafagio mara tatu.

Mwangi akaingia mlangoni, kofia mkononi, karatasi mkono mwingine, nguo zimejaa vumbi, macho mekundu.

"Samahani wazee," akasema. "Natafuta kiongozi wa kikapu. Simu yake imezima tangu jana. Hawa kuku wataanza kufa sahii."

Jaduong' Owiti akaniangalia mimi (sijui alijuaje), kanisa lote likaniangalia, Baba Lavender kwenye kiti cha tatu akainama akaangalia viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu. Nikasema kwa sauti ndogo sana, "Ni mimi."

Tukatoka nje wote. Mwangi alikuwa ameshafungua nyuma ya lori, na joto lililotoka humo mlangoni lilinitosha kujua nilichokifanya. Maboksi yenye matundu, yamepangwa, na kwenye matundu unaona midomo midogo inahema. Yeye alikuwa amelala barabarani kwenye lori, ameacha milango wazi usiku kucha ili wapate hewa, na asubuhi akafuata ramani. Kikapu chetu kilikuwa cha mwisho, hakuwa na pengine pa kuwapeleka. "Mama," akaniambia polepole, na hiyo ndiyo iliyoniuma kwa sababu hakuwa hata na hasira, "bosi alisema hii njia ni ya kujaribu tu. Wakifa, huku haturudi." Nikamwona Min Ouko amesimama nyuma yake, ameshika mikono kifuani.

Watu wakaanza kubishana. Mmoja anasema leo ni Sabato, biashara haiingii uwanja wa kanisa, lori liondoke. Mwingine anasema liende wapi. Jaduong' Owiti akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hamtamtoa?" akauliza. "Leo hapa hakuna kununua na hakuna kuuza. Kuna kuokoa. Kila mwenye wake achukue, awapeleke kwenye kivuli na maji. Mambo ya malipo ni baada ya jua kutua, na huyu kijana atakula na sisi mpaka wakati huo. Si sawa?"

Mwangi akasema ni sawa, atafanya nini. Akaanza kusoma majina, lakini majina yetu yalimshinda, alipofika jina la tatu watu walikuwa wanashika mbavu, kwa hiyo akampa Jaduong' Owiti karatasi. Na mimi nikaona karatasi inaenda kwenye ule mkono, nikafungua mdomo, nikaufunga. Hapo ndipo ningesema. Wakubwa wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba unaiona inakuja na bado miguu haitoki.

Jaduong' akavaa miwani na kutoa ile sauti ya mizani.

"Min Ouko, hamsini."

"Niko."

Akachukua wake akawakimbiza kwenye kivuli, hakungoja mtu amsaidie. Akaitwa wa pili, wa tatu, wa nne, mambo yanaenda vizuri, mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo kwamba labda karatasi iishe kabla ya mwisho.

"Mama Jaoko, hamsini."

Jaduong' akainua macho, akatazama watu.

"Mama Jaoko si yuko hapa?"

"Mimi niko," Mama Jaoko akasema, "lakini mimi sijaagiza hata yai."

Watu wakacheka. Jaduong' akaangalia karatasi, akasema huenda ni makosa ya mashine, akaendelea. "Mwalimu Turfena, hamsini." Turfena anafundisha watoto wetu Sabato asubuhi, mama mpole, akasema, "Yawa, mimi naogopa kuku," na watu wakacheka zaidi, na mimi nikacheka pia (nilicheka kweli, Mungu anisamehe, nikidhani nikicheka nitafanana na wengine).

"Dor..." akasoma Jaduong' Owiti, akaishia hapo.

Mimi sikujua bado. Naapa sikujua. Nilidhani amekosa kuona vizuri. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akasoma, na mara hii hakutumia sauti ya mizani.

"Dorsila Owiti. Hamsini."

Mke wake. Mke wake tuliyemzika miaka mitatu iliyopita, aliyekuwa mkubwa wa akina mama kwa miaka mingi, aliyenipokea mimi nilipofika hapa nikiwa bibi arusi nisiyejua hata kisima kiko wapi. Jina lake lilikuwa katikati ya ukurasa wa daftari la zamani kwa sababu hakuna aliyelifuta, na mimi nikalinakili na mwiko mkononi. Mimi niliyepika kwenye matanga yake. Na kitu kingine ambacho kila mtu pale uwanjani alikikumbuka bila kuambiwa: Dorsila alikuwa mama wa kuku, kuku wake walikuwa wanalala mpaka juu ya paa la jikoni, na kwenye matanga tuliwachinja wote kwa ajili ya wageni, na tangu siku hiyo ile boma ya Jaduong' haikuwa na hata jogoo.

Vifaranga peke yao ndio waliendelea kulia.

Nikasogea mbele, nikapiga magoti pale kwenye vumbi na nguo yangu nyeupe. "Jaduong', usisome tena," nikasema. "Hayo majina niliyaongeza mimi. Ni saba. Hakuna aliyeniambia kitu na sikumwuliza mtu. Kikapu hakikuwa kimejaa, nikaogopa kitavunjika, nikachukua daftari. Sikuangalia ni nani. Nisamehe. Mama Dorsila pia anisamehe."

Aliishika ile karatasi muda mrefu. Nasema muda mrefu, labda ilikuwa dakika moja, lakini muulizeni Baba Lavender, yeye anasema alihesabu vifungo vyote vya shati lake mara mbili. Kisha Jaduong' akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Ulimwandikia ngapi?"

"Hamsini."

"Hamsini ni wachache," akasema. "Alikuwa anapenda wengi." Akamgeukia Mwangi. "Leta hao hamsini. Ni wangu."

Akapewa, akakumbatia boksi kama mtu aliyepewa mtoto ashike siku ya kuwekwa wakfu, na suti yake nyeusi ya Sabato ikashika manyoya ya njano kifuani, na hakuyapangusa. Hapo ndipo nililia, ndugu zangu. Sikulia kwa aibu. Aibu nilikuwa nayo ya kutosha, lakini kilichoniliza ni kwamba alikuwa na kila haki ya kunifukuza uwanjani, na badala yake akaangalia ndani ya boksi.

Mama Jaoko akakohoa. "Sasa na mimi, kwa vile nimeshaandikwa," akasema, "si nipewe. Lakini sio hamsini, nyumba yangu itakuwa ya kuku. Nipeni ishirini." Dada yake akasema atachukua thelathini waliobaki. Turfena aliyesema anaogopa kuku akasema mama mkwe wake haogopi. Wageni wa Ndhiwa wakauliza kama na wao wanaweza. Yale majina manne yaliyobaki hata hayakusomwa mpaka mwisho, watu walikuwa wanagawana wenyewe, kumi hapa, ishirini pale, akina mama wanavua vitambaa vya kichwa kufunika maboksi jua lisiwapige, wengine wanachanganya maji na sukari kwenye sahani za chakula cha mchana, na mimi nimepiga magoti bado kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia nisimame. Ni Min Ouko aliyekuja akanishika kwapani, akaninyanyua, akanipangusa vumbi. "Simama," akasema. "Njoo ushike boksi."

Kwa sababu ya Sabato hatukuita bodaboda, tulitembea. Mngeona ule msafara katikati ya miwa, watu wamevaa nguo zao za kanisa, maboksi vichwani yanalia, na wakata miwa wa mashamba ya jirani (ambao sio Wasabato) wamesimama na mapanga wanatuangalia wasijue kama waseme pole au hongera. Mwangi akala ugali na dengu, akapewa kitabu cha nyimbo, na mchana alipatikana ndani ya kwaya upande wa wanaume, sauti ya chini kabisa, nzuri ajabu. Mpaka leo mwongoza kwaya ananiuliza lini lori litakuja siku ya Sabato tena.

Jua lilipotua nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kanisa kando ya Mwangi, nimewasha simu, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba kama waliochukua vifaranga wa yale majina saba hawatakuja, nitauza mbuzi zetu, na nilishamwambia Baba Lavender, naye akaitikia kwa kichwa bila kuongea (alianza kuongea nami vizuri siku ya Jumanne). Wa kwanza kutokea kwenye kijia alikuwa Jaduong' Owiti, na tochi, ingawa giza halijaingia. Akalipa wa Dorsila. Akauliza maji ya uvuguvugu wanapewa mara ngapi kwa siku, Mwangi akamweleza, akaandika kwenye karatasi. Nyuma yake akaja Mama Jaoko, wakaja wengine, wakaja hata watu ambao sikuwaandika kwa ukweli wala kwa uongo. Hakuna aliyekosa. Mwangi akapiga simu kwa bosi wake mbele yangu, akasema, "Huku ni kuzuri. Watu wa huku wanalipa," na nilitamani ardhi inimeze na wakati huohuo nilitamani kumkumbatia.

Vifaranga kumi na mmoja walikufa. Nawakumbuka hao kumi na mmoja, nadhani ni juu yangu. Wengine wote walipona.

Msidhani iliishia hapo kama hadithi tamu. Wazee wa kanisa walinikalisha chini, wakasema mtu anayeandika majina ya watu lazima majina hayo yawe salama mikononi mwake, na yangu hayakuwa, kwa hiyo nikaondolewa ukarani, nikakaa benchi ya nyuma miezi mitatu nikimsikiliza Turfena akisoma matangazo (anasoma vizuri kuliko mimi, na mafagio anayasoma mara moja tu). Niliwashukuru na bado nawashukuru. Wangeninyamazia ningejiona mjanja, na kikapu kinachofuata ningeandika mpaka majina ya mbwa.

Maana kulikuwa na kikapu kinachofuata. Muuzaji aliandika mwenyewe akiuliza lini, halafu akaandika wa pili, halafu wa tatu ambaye anauza chakula cha kuku, halafu wanawake wa Homa Bay wakasikia wakataka kuingia, na sasa hivi kikapu chetu kinajaa siku ya nne au ya tano, na yule mwenye duka mjini juzi alinisalimia kwa jina. Min Ouko anapeleka mayai mpaka Ndhiwa na amenunua kondoo watatu, mmoja zaidi ya wale aliouza. Nikipita kwake ananionyesha banda kila mara kana kwamba sijawahi kuliona, na mimi naliangalia kila mara. Erokamano, namwambia, asante, na yeye anauliza asante ya nini, mimi ndiye mwenye kuku.

Mimi nimeapa, na mnishike hapo hapo: jina la mtu haliingii kwenye kikapu changu mpaka niisikie sauti yake mwenyewe ikisema ndiyo. Napiga simu mmoja mmoja, hata ikinimalizia siku nzima. Kwenye kikapu cha tano nilipofika kwa Jaduong' Owiti sikupiga simu, nilienda kwa miguu, na kabla sijafika nilisikia jogoo kwake, saa nne asubuhi, jogoo asiyejua saa.

"Niandikie mia moja," akasema.

"Kwa jina lako, Jaduong'?"

"La Dorsila. Si ndilo mlishaandika."

Nikamwambia nimeapa, siandiki mtu ambaye sijamsikia. Akafikiria kidogo, akaangalia kuku wake wanaochakura nyuma ya jikoni. "Mimi ndiye nasema ndiyo kwa niaba yake," akasema. "Miaka arobaini yeye ndiye alikuwa anasema ndiyo kwa niaba yangu." Basi nikaandika.

Lori lilikuja siku ya Jumatano, saa nne, barabara nyeupe. Mwangi sasa anasoma karatasi mwenyewe, ameyajua majina yetu, anayatamka vibaya lakini kwa upendo. Alipofika kwa Dorsila Owiti, mia moja, Jaduong' alikuwa bado anakuja kwenye kijia, mbali kidogo, kwa hiyo hakukuwa na wa kujibu, na akina mama waliokuwa pale, kama sita au saba, mimi nikiwa mmoja wao, tukaitikia kwa pamoja, "Yuko."